Ruff hatua kwa hatua: kukagua msimbo wa Python bila kuharibu kazi

Ujumbe ni uleule, utoke kwa mwanafunzi wa Tengeru au kwa kijana anayeandika mfumo wa kampuni ya utalii pale Njiro: "Kaka, nimesakinisha Ruff, imemwaga malalamiko mia na kitu, nikaiambia ijirekebishie yenyewe, sasa programu imegoma." Wengine hawafiki hata hapo, wanakwama kwenye kusakinisha.

Karibu kila mara kinachokosewa ni mpangilio. Mtu anaanza na amri ambayo ingekuwa ya sita, anaipiga kwenye mradi mzima, tena bila nakala. Fuata hatua hizi kwa zamu. Usiruke hata ile inayoonekana ya kitoto.

Kwa asiyeijua: Ruff ni programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) inayosoma faili zako za Python bila kuziendesha, halafu inakuonyesha mstari wenye kasoro na namba ya kanuni iliyovunjwa.

## Unachohitaji

- Kompyuta yoyote inayowasha Python 3. Laptopu ya mtumba kutoka dukani inatosha. Ruff imeandikwa kwa lugha ya Rust na haili mashine.
- Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili zako, iwe imeshasakinishwa.
- Intaneti ya dakika chache. Ruff yenyewe ni takriban MB 10, kwa hiyo bando dogo linatosha. Ukishaisakinisha inafanya kazi bila mtandao kabisa.
- Faili la kujifunzia. Usianze na mradi wa mteja.

Tutatumia faili hili, `malipo.py`. Ni kipande cha mfumo wa kuwalipa wakulima wa chama cha msingi cha kahawa, tuseme Kibosho au Uru. Makato ya asilimia 3 na bei nitakazotumia ni za mfano tu. Linakili lilivyo, pamoja na mistari mitupu, ili namba za mistari zilingane na zangu.

```
import os
import json

def ongeza_mzigo(kilo, mizigo=[]):
    mizigo.append(kilo)
    return mizigo

def lipa(faili):
    try:
        data = json.load(open(faili))
    except:
        return None
    jumla = 0
    bei = data["bei"]
    for m in data["mizigo"]:
        jumla = jumla + m * bei
    makato = jumla * 0.03
    if data["mkulima"] == None:
        print(f"Hakuna jina")
    return jumla

print(lipa("juma.json"))
print(jumla)
```

Pembeni yake weka `juma.json`:

```
{"mkulima": "Juma", "bei": 4000, "mizigo": [40, 25]}
```

## Hatua ya 1: Hifadhi kila kitu kwenye Git kabla ya kugusa chochote

Ruff ina uwezo wa kuandika juu ya faili zako, na haikuwekei nakala. Git ndiyo njia yako ya kurudi nyuma.

Fungua terminali ndani ya folda ya mradi. Tengeneza kwanza faili la `.gitignore` lenye mistari miwili:

```
.venv/
.env
```

Mstari wa pili ni kwa ajili ya nywila. Kama mradi wako una faili la siri lenye jina jingine, liandike hapo pia, la sivyo litaingia kwenye historia, na kulitoa humo ni shughuli. Kisha:

```
git init
git add .
git commit -m "Kabla ya ukaguzi"
```

Git ikikuambia `Please tell me who you are`, ipe jina na barua pepe yako kwa `git config --global user.name` na `git config --global user.email`, halafu rudia amri ya mwisho.

Umefanikiwa ukiona: `git status` inajibu `nothing to commit, working tree clean`.

## Hatua ya 2: Tenga mazingira, ndipo usakinishe

Mazingira hapa ni folda yenye Python ya mradi huu peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama, hasa wa Ubuntu. Ukipiga `pip install ruff` moja kwa moja kwenye Ubuntu mpya unapata kosa la `externally-managed-environment`. Mfumo unalinda Python yake, maana programu zake nyingine zinaitegemea. Utakuta mtu anakushauri uongeze `--break-system-packages`. Lisome hilo jina taratibu, halafu uachane na ushauri huo.

Linux na Mac:

```
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
python -m pip install ruff
```

Windows, kwenye PowerShell:

```
py -m venv .venv
.venv\Scripts\Activate.ps1
python -m pip install ruff
```

Ubuntu ikilalamika kwamba `ensurepip is not available`, piga `sudo apt install python3-venv`, futa folda ya `.venv` iliyotengenezwa nusunusu, uanze upya. Windows ikikataa kwa maneno `running scripts is disabled on this system`, piga amri hii, ambayo inaruhusu dirisha hilo moja tu:

```
Set-ExecutionPolicy -Scope Process -ExecutionPolicy RemoteSigned
```

Folda iite `.venv` kama nilivyoandika. Ruff inalijua jina hilo na inairuka. Haitakuletea malalamiko ya msimbo wa watu wengine.

Umefanikiwa ukiona: mwanzo wa mstari wa terminali pameandikwa `(.venv)`, na `ruff --version` inakupa namba. Kesho ukifungua dirisha jipya ukaambiwa `ruff: command not found`, usisakinishe tena. Umesahau tu kuwasha mazingira. Rudia amri ya pili hapo juu.

## Hatua ya 3: Anza na kanuni chache

Ruff ina kanuni zaidi ya 800. Ukiziwasha zote siku ya kwanza utaambiwa hata maelezo yako hayaishii na nukta, na kosa la kweli litazama humo. Tengeneza faili la `ruff.toml` ndani ya folda ya mradi:

```
[lint]
select = ["E9", "F"]
```

Kundi la `E9` linakamata msimbo usiosomeka kabisa. Kundi la `F` linakamata majina yasiyokuwepo, vigeu visivyotumika na mengine ya namna hiyo. Kwa kuanzia, hayo yanatosha.

Mambo mawili huwaangusha watu hapa. Notepad ya Windows hupenda kulihifadhi faili kama `ruff.toml.txt`, na Ruff hailioni. Washa kuonyeshwa kwa vimalizio vya majina uhakikishe. La pili ni kunakili mipangilio ya mradi mwingine iliyoanza na `[tool.ruff.lint]`. Kichwa hicho ni cha faili la `pyproject.toml`. Ndani ya `ruff.toml` unaandika `[lint]` peke yake.

## Hatua ya 4: Kagua, bila kurekebisha

```
ruff check . --output-format concise
```

Ile nukta maana yake ni folda uliyomo. Nimeongeza `--output-format concise` ili kila lalamiko likae kwenye mstari mmoja. Bila hiyo Ruff inachora kipande cha msimbo chini ya kila kosa, na kwenye skrini ndogo utapotea. Utapata:

```
malipo.py:1:8: F401 [*] `os` imported but unused
malipo.py:17:5: F841 Local variable `makato` is assigned to but never used
malipo.py:19:15: F541 [*] f-string without any placeholders
malipo.py:23:7: F821 Undefined name `jumla`
```

Soma kutoka kushoto: jina la faili, mstari, herufi ya ngapi kwenye mstari huo, namba ya kanuni, kisha maelezo. Alama ya `[*]` inasema Ruff inaweza kulirekebisha lenyewe kwa usalama. Kwenye mistari ya mwisho inakuambia pia kwamba yapo marekebisho yaliyofichwa yanayohitaji `--unsafe-fixes`. Usiyaguse.

Kanuni usiyoielewa iulize. `ruff rule F841` inakuletea maelezo yake na mfano, palepale, bila bando.

Umefanikiwa ukiona: malalamiko manne. Ukipata `All checks passed!` kwenye faili hili, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo, kuna kitu hakiko sawa.

## Hatua ya 5: Rekebisha kwa mkono yale yasiyo na nyota

Watu hukimbilia yenye nyota kwa sababu ni rahisi. Anza na yasiyo na nyota, maana hapo ndipo Ruff imeshindwa kukuamulia.

F821, mstari wa 23. Kigeu `jumla` kinaishi ndani ya `lipa` tu; nje hakipo. Programu ingeendeshwa ingechapisha malipo, halafu ianguke na `NameError`. Futa mstari huo.

F841, mstari wa 17. Hapa tulia kidogo. Ruff inasema `makato` imepewa thamani na haikutumika popote. Ukiichukulia kama uchafu utafuta mstari, lalamiko litaisha, utaendelea na shughuli zako. Lakini jiulize kwa nini mtu aliuandika. Alitaka kukata asilimia 3, akapiga hesabu, halafu akasahau kuitoa. Fanksheni inarudisha `jumla` nzima. Mkulima mwenye kilo 65 kwa bei ya 4,000 anaandikiwa shilingi 260,000 badala ya 252,200, na tofauti itaonekana siku mweka hazina anafunga vitabu.

Rekebisho sahihi liko mstari wa 20:

```
    return jumla - makato
```

Sasa unaelewa kwa nini nimekukataza `--unsafe-fixes`. Ingeliondoa jina `makato`, Ruff ingenyamaza, na kosa la pesa lingebaki palepale bila dalili yoyote. Kwa maoni yangu F841 ndiyo kanuni yenye faida kubwa kuliko zote kwenye mifumo ya malipo, na ndiyo watu wanayoifuta haraka zaidi.

## Hatua ya 6: Sasa yenye nyota, kwa kuchungulia kwanza

```
ruff check . --diff
```

Amri hii inaonyesha kitakachobadilika bila kubadilisha kitu. Mistari yenye alama ya kutoa itaondoka, yenye alama ya kujumlisha itaingia. Hapa ni `import os` inayoondoka na herufi `f` isiyo na kazi kabla ya maandishi "Hakuna jina". Ukiridhika:

```
ruff check . --fix
git diff
```

Onyo: `import` inayoonekana haitumiki wakati mwingine ina kazi. Kwenye Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python), kwa mfano, faili la `apps.py` huagiza moduli ya `signals` ili tu iamke. Ruff haioni ikitumika, kwa hiyo itaitoa, na programu itakaa kimya bila kutuma ujumbe wala kuandika kumbukumbu. Ndiyo sababu tunachungulia kwanza.

Umefanikiwa ukiona: ukipiga `ruff check .` tena, inajibu `All checks passed!`. Endesha `python malipo.py`, ipate 252200.0, kisha hifadhi kwenye Git.

## Hatua ya 7: Panua kanuni

Badilisha `ruff.toml`:

```
[lint]
select = ["E4", "E7", "E9", "F", "B"]
```

Kagua tena. Faili lililokuwa safi sasa lina malalamiko matatu.

`E711` inataka `== None` iwe `is None`. Badilisha, endelea.

`E722` inakemea `except:` iliyo tupu. Inameza kila kosa, hata Ctrl+C yako ya kusimamisha programu. Kwenye mfano wetu, faili likikosekana, au likiwa limekatika katikati kwa sababu umeme ulizimika wakati linaandikwa, unapata `None` ileile na hujui ni lipi kati ya hayo. Taja kosa unalolitarajia:

```
    except FileNotFoundError:
        print("Faili halipo:", faili)
        return None
```

Faili bovu sasa litapiga kelele. Hicho ndicho unachotaka kwenye mfumo wa pesa.

`B006` ndiyo ya hatari kuliko zote tatu, nayo haionekani kwa macho. Iko mstari wa `ongeza_mzigo`, pale penye `mizigo=[]`. Fungua `python` kwenye terminali, bandika fanksheni hiyo peke yake, halafu uiite mara mbili, kama vile ni wakulima wawili tofauti:

```
>>> ongeza_mzigo(40)
[40]
>>> ongeza_mzigo(25)
[40, 25]
```

Mkulima wa pili amepewa na kilo 40 za wa kwanza. Python hutengeneza ile orodha mara moja tu, fanksheni inapofafanuliwa, na kila anayeita bila kuleta orodha yake anapokea ileile. Ukijaribu na mkulima mmoja hutaliona kamwe. Andika hivi:

```
def ongeza_mzigo(kilo, mizigo=None):
    if mizigo is None:
        mizigo = []
    mizigo.append(kilo)
    return mizigo
```

Rudia jaribio. Jibu la pili linatakiwa kuwa `[25]`.

## Hatua ya 8: Kunyamazisha kwa adabu

Yapo malalamiko utakayoyakataa kwa haki, kama ile `import` ya Django. Mwisho wa mstari huo andika alama pamoja na namba ya kanuni:

```
from . import signals  # noqa: F401
```

Usiandike `# noqa` bila namba. Hiyo inanyamazisha kila kitu kwenye mstari, hata kosa litakaloingia mwakani. Na usitumie `--add-noqa` kwenye mradi mzima ili tu uone skrini safi. Umelipa deni kwa kulifunika na kitambaa.

Mradi wa zamani wenye malalamiko mamia ukaguliwe kwa `ruff check . --statistics`. Utaona idadi ya kila kanuni. Chukua kanuni moja, imalize, hifadhi kwenye Git, ndipo uchukue nyingine.

## Hatua ya 9: Mpangilio wa maandishi, peke yake

`ruff format .` inapanga nafasi, alama za nukuu na urefu wa mistari. Haitafuti makosa. Iendeshe siku ambayo hujabadilisha kitu kingine, uihifadhi kwenye Git kivyake. Ukiichanganya na marekebisho ya kweli, mwenzako atakayepitia kazi atakutana na mistari mia iliyobadilika na hataona ule mmoja wenye maana.

## Hatua ya 10: Weka mlinzi

Ukaguzi unaotegemea kumbukumbu yako utasahaulika wiki ya kwanza yenye kazi nyingi. Tengeneza faili `.git/hooks/pre-commit`, bila kimalizio chochote. Git huliendesha kabla ya kila `git commit`:

```
#!/bin/sh
.venv/bin/ruff check .
```

Kwenye Windows mstari wa pili uwe `.venv/Scripts/ruff.exe check .`. Kwenye Linux na Mac lipe ruhusa ya kuendeshwa:

```
chmod +x .git/hooks/pre-commit
```

Siri yake ni namba ambayo Ruff inairudishia terminali ikimaliza: 0 kukiwa safi, 1 kukiwa na malalamiko, 2 ikiwa yenyewe imeshindwa, labda kwa mipangilio mibovu. Git ikiona namba isiyo 0 inakataa kuhifadhi.

Jaribu: ongeza `import os` juu ya faili, kisha `git add .` na `git commit`. Ikikataliwa, mlinzi yuko kazini. Faili hili halisafiri na mradi. Mwenzako wa Moshi akinakili kazi yako kutoka kwenye seva, naye inabidi aliweke kwake.

## Ikisema safi nawe huamini

`All checks passed!` hutokea pia pale Ruff isipoona faili hata moja. Juu yake huwa pana onyo, `No Python files found under the given path(s)`, ambalo watu hawalisomi. Piga:

```
ruff check . --show-files
```

Orodha ikiwa tupu, ama uko folda nyingine, mara nyingi ile ya vilivyopakuliwa, ama msimbo wako umekaa ndani ya folda inayoitwa `dist`. Ruff huiruka bila kukuuliza, na huruka pia kila kilichotajwa kwenye `.gitignore`. Badilisha jina la folda.

Orodha ikiwa na faili zako zote na bado Ruff imeridhika, limebaki lile ambalo Ruff haliwezi. Badilisha 0.03 iwe 0.3 kwenye `malipo.py` uikague: itasema safi. Haijui bei ya kahawa wala kiwango cha makato. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi mfumo, chukua kikokotoo na stakabadhi mbili tatu za kweli, piga hesabu kwa mkono, kisha ulinganishe na kinachochapishwa na programu, shilingi kwa shilingi. Kwa Juma wetu wa kilo 65, namba ni 252,200.